Difu ya LSD kwenye Altezza: namna ya kuitambua, kuiendesha na kuitunza

Difu, yaani boksi la gia linalogawa nguvu ya injini kwa tairi la kushoto na la kulia, nilifundishwa na tope. Mjomba wangu aliendesha Fuso kati ya Ifakara na Mahenge, nami nilikuwa utingo wake. Masika moja gari lilizama upande wa kushoto. Tairi la kushoto likawa linazunguka na kuturushia tope usoni, la kulia limesimama kimya juu ya ardhi kavu kabisa. Nikamuuliza, "Mjomba, la kulia lina ardhi nzuri, mbona halisukumi?" Akashuka, akanishika bega, akasema, "Difu humfuata mnyonge. Mnyonge akishindwa, wote wamesimama." Kisha akarudi ndani, akavuta difu loki, na gari likatoka.

Sasa nina gereji ndogo Tabata, na magari yanayoingia ni Altezza, Mark II, Verossa na Subaru. Kila wiki kuna kijana anayesema, "Kaka fundi, nifungie LSD," yaani difu inayozuia tairi moja kuzunguka ovyo peke yake. Huwa namuuliza swali moja kabla ya bei: unataka ikufanyie nini? Wengi hujibu kwamba wanataka gari liwe na nguvu. LSD haiongezi nguvu hata ya farasi mmoja, wala haiongezi mshiko wa tairi. Kazi yake ni kuamua nguvu uliyonayo iende tairi lipi, na uamuzi huo hubadilisha tabia ya gari zima, hasa kwenye kona. Ukiielewa, gari lako litakuwa jingine. Usipoielewa, utalipa pesa nyingi kununua gari linalokataa kona.

Difu ya kawaida inafanya nini

Chukua Altezza. Umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia ni karibu mita 1.5. Ukikata kona ya digrii 90, iwe kali au pana, tairi la nje hutembea takribani mita 2.4 zaidi ya la ndani. Ndiyo sababu difu ipo: iruhusu moja litangulie na jingine libaki nyuma bila kuburutana. Kazi hiyo difu ya kawaida, ambayo mafundi tunaiita difu wazi, inaifanya vizuri sana.

Tatizo liko kwenye mgao. Difu wazi hugawa msukumo sawa kwa sawa, daima. Sema tairi la ndani, ambalo kwenye kona limepungukiwa na uzito, linaweza kushika msukumo wa Nm 300 tu kabla ya kuteleza, na la nje lililokandamizwa linaweza kushika 900. Difu wazi italipa la nje 300 vilevile. Jumla 600, na uwezo wa 600 mwingine kwenye tairi la nje umekaa bure. Ukiongeza mafuta, tairi la ndani linapiga kelele, mshale wa injini unapanda, gari haliendi. Ni ile Fuso ya mjomba, ila sasa iko kwenye lami.

Wenye magari ya mashindano waliligundua hili mapema. Magari ya Grand Prix ya Auto Union ya miaka ya 1930, yaliyobuniwa na Ferdinand Porsche, yalikuwa na nguvu nyingi kiasi kwamba tairi moja la nyuma lilikuwa linazunguka ovyo, na kampuni ya ZF ikaombwa kutengeneza dawa. Lori linahitaji difu loki, yaani kufunga kabisa, kwa sababu linatoka topeni polepole. Gari la michezo linahitaji kitu cha katikati: difu inayoachia kona ikatwe, lakini inayokataa kumfuata mnyonge.

Aina tatu utakazokutana nazo

Ya kwanza ni ya pleti. Ndani yake kuna pleti za msuguano kama za klachi, na chuma kilichokatwa miteremko. Ukikanyaga mafuta, pini ya katikati inapanda kwenye mteremko, inasukuma pleti zibanane, na ekseli mbili zinaanza kuzunguka pamoja. Kuna springi pia zinazozibana kidogo muda wote. Hii ndiyo ya watu wa mashindano, maana unaweza kuifungua na kubadilisha jinsi inavyobana. Ikiwa inabana unapokanyaga mafuta tu, inaitwa ya njia moja. Ikibana pia unapoachia mafuta, ni ya njia mbili. Ikibana sana kwenye mafuta na kidogo ukiachia, ni ya njia moja na nusu.

Ya pili ni ya gia za mshazari, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Torsen. Haina pleti. Gia zake zimekatwa mshazari, na msukumo ukipita zinasukumwa kwenye kuta za nyumba yake, na msuguano huo ndio unaozuia tairi moja kukimbia. Inafanya kazi papo hapo, kimya, wala haina cha kuisha haraka. Altezza RS200, ile ya injini ya 3S-GE yenye nguvu za farasi 210 kwa gia za mkono, baadhi zilitoka kiwandani na Torsen. Toyota 86 ya mwaka 2012 nayo ilikuja nayo. Honda Integra Type R ina ya jamaa hii upande wa mbele.

Torsen inafanya kazi kwa kuzidisha. Tuseme uwiano wake ni 2.5. Lile tairi la ndani likishika 300, la nje linaweza kupewa hadi 750, jumla 1,050 badala ya 600. Hayo ni mabadiliko makubwa kwa dereva. Lakini zingatia hesabu: tairi la ndani likinyanyuka hewani kabisa, linashika sifuri, na sifuri mara 2.5 ni sifuri. Torsen inarudi kuwa karibu difu wazi. Dawa yake ni kukanyaga breki kidogo sana huku ukishikilia mafuta: breki inalipa tairi la hewani kitu cha kushika, na difu inakizidisha. Pleti haina udhaifu huo, kwa sababu springi zake zinabana hata tairi likiwa hewani.

Ya tatu ni ya silikoni, ambayo utaikuta nyuma ya Impreza WRX nyingi za zamani. Pleti zenye matundu zinazunguka ndani ya maji mazito ya silikoni. Zikitofautiana mwendo, maji yanazuia. Ni laini na haina usumbufu, ila inasubiri tairi lianze kuteleza ndipo iamke. Na ikizeeka haikarabatiki kirahisi. Nyingi zinazofika kwetu zimeshatembea sana, kwa hiyo mimi sipendi kumshauri mtu aitafute.

Jua uliyonayo kabla ya kulipa

Niliwahi kununua difu nzima ya mtumba iliyoandikwa LSD kwa rangi nyeupe juu yake. Sikuifungua. Nilimfungia mteja, akarudi baada ya siku mbili na video ya tairi moja likizunguka peke yake. Nilimrudishia pesa yake yote. Tangu siku hiyo sinunui difu bila tochi.

Ikiwa difu iko chini, chomoa ekseli na umulike tundu. Kwenye difu wazi utaona pini iliyopita katikati na gia ndogo mbili zimekaa juu yake. Kwenye difu za gia za mshazari kwa kawaida hakuna pini hiyo. Utaona meno ya gia yamelala kuzunguka nyumba. Ya pleti ina pini, lakini ukichungulia kwenye madirisha ya nyumba yake utaona kingo za pleti zimepangana.

Ikiwa iko kwenye gari, nyanyua matairi yote mawili ya nyuma, weka stendi imara, zuia ya mbele kwa mawe au magogo, toa hendibreki, weka gia huru, injini imezimwa. Zungusha tairi moja kwa mkono. Jingine likizunguka kinyume kwa wepesi, ni difu wazi. Likizunguka upande uleule kama wa kwanza, ni ya pleti na springi zake bado zina uhai. Likizunguka kinyume kwa uzito, na uzito unaongezeka ukizungusha haraka, fikiria silikoni. Torsen ndiyo mdanganyifu: bila mzigo inaweza kuzunguka kinyume kama difu wazi, na nimeshaona watu wakiiuza kwa bei ya chakavu kwa sababu ya kipimo hiki. Kwa hiyo Altezza ikizunguka kinyume, usikate tamaa. Soma msimbo wa ekseli kwenye kibati cha chumba cha injini, na utafute maana yake kwa namba ya chesesi. Kisha mulika.

Na jambo moja ambalo nakusihi sana. Gari lenye LSD usiliwashe na kuliingiza gia huku limenyanyuliwa upande mmoja. Tairi lililo chini litapata msukumo, na gari litaruka kutoka kwenye jeki. Kama kuna mtu chini yake, ndiyo basi tena.

Kona moja, hatua kwa hatua

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo wengi wanapokosea. Sheria ya LSD ya pleti ni hii: hunyang'anya tairi linalozunguka kasi na kulipa linalozunguka polepole. Ishike hiyo, maana kila kitu kinatoka humo.

Unaingia kona umeachia mafuta. Tairi la nje linazunguka kasi kuliko la ndani, kama inavyotakiwa. LSD ya njia mbili inazibana ekseli hata hapo, na mbano huo unapinga gari kugeuka. Ukifunga breki kwa nguvu kuingia kona, gari linatulia, mkia hautikisiki. Lakini pua haitaki kuingia, na utajikuta unaongeza usukani. Ya njia moja inaachia hapo, gari linageuka kwa wepesi kama la difu wazi. Torsen iko karibu na hiyo ya njia moja.

Katikati ya kona, unaanza kugusa mafuta. Tairi la nje bado ndilo lenye kasi, kwa hiyo difu inachukua msukumo kwake na kuupeleka ndani ya kona. Tairi la ndani likisukuma zaidi ya la nje, gari linataka kunyooka. Hapa ndipo kijana aliyefunga LSD ya pleti iliyokazwa kupita kiasi huniambia, "Fundi, gari limekuwa zito, linakataa kona." Halina ubovu. Anagusa mafuta nusu nusu na kusubiri, na gari linamsubiri yeye.

Sasa ongeza mafuta kutoka. Tairi la ndani limepungukiwa na uzito, linaanza kuteleza, na mwendo wake unalipita la nje. Papo hapo sheria ileile inageuka: lenye kasi sasa ni la ndani, kwa hiyo difu inalinyang'anya na kulipa la nje. Tairi la nje likisukuma zaidi, linazungusha gari kuelekea ndani ya kona. Pua inaingia yenyewe. Utasikia kwenye kiuno kabla ya kusikia mikononi, gari linachuchumaa na kuchomoka. Dereva anayeujua wakati huo huachia usukani kidogo kidogo kadiri anavyoongeza mafuta, na kona inaisha ikiwa imenyooka.

Ukizidisha, matairi yote mawili yanateleza pamoja. Hapa difu wazi ilikuwa na huruma ambayo watu hawaihesabu: ilipoteza tairi moja tu, na lile jingine lililobaki likishika lilizuia mkia usitoke. LSD haikuachii hilo. Tairi linaloteleza mbele halishiki tena kwa pembeni, na yakiteleza mawili, mkia wote unahama.

Mimi mwenyewe ilinikuta kwa mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu, lami ikiwa imepandisha mafuta yake yote. Nilikuwa na RS200 yangu yenye pleti ya njia mbili, natoka makutano kwa mwendo wa kama kilomita 25 kwa saa. Niligusa mafuta kama nilivyozoea siku za jua. Hakukuwa na onyo lolote la tairi moja kupiga kelele. Mkia ulishuka upande ambao barabara imeinama, kuelekea mtaroni, na nilisimama shubiri chache kutoka ukingoni. Tangu hapo, mvua ikinyesha, naongeza mafuta usukani ukiwa umeshaanza kunyooka, na natumia gia moja juu zaidi ya niliyozoea. Ukihisi mkia unaondoka, punguza mafuta taratibu na uelekeze usukani kule mkia unakokwenda; usiyaachie ghafla, hasa kama difu yako ni ya njia mbili, maana itabana tena upande wa pili na kukurushia mkia kinyume.

Haya usijifunzie barabarani. Mimi huomba yadi ya kuegeshea malori siku ya Jumapili, tukapanga makopo, tukazunguka kwa mwendo wa gia ya pili. Gari lenye vidhibiti vya kuzuia kuteleza, vizime kwanza, la sivyo vitakata nguvu kabla difu haijafanya kazi, nawe utadhani ni mbovu.

Ipi ufunge

Kwa Altezza ya kwenda kazini na siku moja moja uwanjani, jibu langu ni Torsen, bila kusita. Haina kelele, haitaki oili maalumu, na haikatai kona. Kwa anayeshindana kwenye vumbi au anayetaka kuserereka kwa makusudi, pleti, na kwa anayeanza naomba iwe ya njia moja na nusu. Kama AS200 yako ya silinda 6 ni ya otomatiki na hujawahi kuona tairi la ndani likizunguka, huhitaji LSD. Nunua matairi mapya manne na bushi za nyuma. Nimewaambia wateja hivyo nikakosa kazi, na sijutii.

Kuchomelea difu, yaani kuziunga gia za ndani kwa weldingi ili ekseli mbili ziwe kitu kimoja, sifanyi kwa gari linalotembea barabarani. Zile mita 2.4 lazima zilipwe na mtu, na atakayelipa ni tairi na ekseli. Weldingi ikipasuka kwenye mwendo, vipande vinaingia kwenye krauni na pinioni, zile gia kuu za difu, na magurudumu ya nyuma yanaweza kuganda.

Matairi na oili

LSD hulinganisha mwendo wa matairi mawili. Ukifunga tairi jipya kushoto na lililoisha kulia, la kulia ni dogo kidogo, linazunguka kasi zaidi hata njia ikiwa imenyooka kama rula, na difu itakuwa kazini kutoka Dar hadi Morogoro bila kupumzika. Pleti zinalika, silikoni inachemka. Wanunuzi wa matairi ya mtumba, nunueni jozi: saizi moja, aina moja, kina cha kashata kimoja. Upepo pia uwe sawa.

Oili: Torsen inatosheka na oili nzuri ya gia ya GL-5, kwa kawaida 75W-90. Pleti inahitaji oili iliyoandikwa kwamba ni ya LSD, yenye dawa ya kulainisha msuguano. Bila dawa hiyo, ukikata kona kali kwenye maegesho utasikia ka-ka-ka kutoka nyuma na gari litatetemeka. Pleti za mashindano hulia kidogo hata zikiwa nzima. Kelele ikianza ghafla kwa difu iliyokuwa kimya, badilisha oili kwanza kabla hujaifungua.

Unapobadilisha, legeza kwanza nati ya kujazia, ndipo ya kumwagia. Nimeona watu wamemwaga oili yote, kisha nati ya kujazia ikakataa kufunguka, gari likalala gereji. Gari liwe limekaa sawa, jaza mpaka oili ianze kutiririka kwenye tundu, funga. Angalia sumaku ya nati ya chini: uji wa kijivu laini ni kawaida, vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si kawaida.

Pleti mpya zinahitaji kuzoeana. Nikimaliza kufunga, namkalisha mwenye gari kwenye usukani, anachora namba nane kwenye uwanja, mwendo wa mtu anayetembea haraka, mafuta akigusa na kuachia, nusu saa hivi, mizunguko ya kushoto sawa na ya kulia. Kisha tunarudi gereji, tunaiacha ipoe kidogo, tunamwaga oili hiyo ikiwa bado ya moto. Hutoka nyeusi, na inang'aa unga wa chuma ukiiweka juani. Tunafuta sumaku kwa kitambaa safi, tunajaza mpya, na ndipo namkabidhi funguo.